Wamemfungia Mkulima wa Kabichi

Mume wangu aliacha mbio za baiskeli mwaka ule ule alionioa. Baiskeli yenyewe aliitundika kwenye chumba cha mbolea, akanunua pikipiki, kitambi kikaanza. Mwanamume aliyelipwa na timu ya Wazungu kwa kazi ya kupanda milima akawa anawasha pikipiki kwenda kununua kiberiti, kwenye duka ambalo mimi naenda na kurudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Sikulalamika. Tulilima kabichi na njegere hapa Lukozi, tukapata watoto wawili, na kila Jumamosi aliwafundisha baiskeli mabinti wa sekondari. Katika maisha yake ya zamani, hicho ndicho alichobakiza, na kilimtosha.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake tukiwa shambani, tunakata kabichi za kupakia kwenye Fuso. Aliusoma, akatia simu mfukoni, akaendelea kukata. Alinieleza wakati wa chakula, huku anaangalia sahani. Wakubwa wa baiskeli huko Ulaya wamemfungia miaka minne.

"Wamekufungia nini?"

"Kushindana."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka njegere zikanipalia. Mtu ambaye akipanda ngazi za msikiti anashika ukuta, leo anakatazwa kushindana! Nikamwambia kwa nini wasimkataze na kunyonyesha, maana hilo nalo halifanyi.

Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba mwaka wake wa mwisho walimtoa damu kama walivyowatoa wenzake wote, wakaihifadhi kwenye barafu. Sasa wamepata mashine mpya, wameipima tena, wameona dawa ya kuongeza nguvu. Nikafanya hesabu kichwani, nikaona kwamba damu hiyo imekaa kwenye barafu muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi kwenye ndoa. Nikapandwa na hasira. Walikuwa wanangoja nini? Kama mtu ni mwizi, mkamate akiwa na mzigo begani. Hawa wamengoja mpaka mwizi ameota mvi, amefuga ng'ombe, ameoa mtoto wa watu, ndipo wanagonga mlango. Na hiyo miaka minne haikuanza kuhesabiwa siku alipoacha mbio. Imeanza juzi.

Tena adhabu ilikuwa na mkia. Haruhusiwi kufundisha klabu yoyote, hata ya watoto. Mabinti wake wa Jumamosi, basi.

Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo nililirudia mpaka ulimi ukaota sugu. "Ulitumia au hukutumia?"

"Hawa Wazungu wana mambo yao," akasema, kisha akahamia Kishambaa kuulizia mbolea, kama afanyavyo akitaka kunikimbia.

Jumamosi mabinti walikuja na baiskeli zao, shikamoo mwalimu, shikamoo mama, wamevaa masweta kwa sababu ya ukungu. Nilidhani atawaambia. Mume wangu alitoka mlangoni anachechemea. Anachechemea! Akawaambia goti limemkamata, waende wenyewe hadi msitu wa Magamba na kurudi, yeye atapumzika kidogo. Nilisimama na ndoo mkononi nikimtazama mtu mzima mwenye ndevu anachagua mguu wa kuchechemea.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya kwetu ilikuwa ndefu na ilipita jikoni kwangu. Bibi wa binti mmoja alileta mafuta ya kondoo. Mwingine alileta majani ya kuchemsha. Yule bibi wa mafuta alikaa kabisa kwenye mkeka wangu, akalikunja goti zima, akalisugua, akalivuta, huku mume wangu anauma meno na kusema asante bibi. Nyumba ilinuka kondoo wiki nzima. Usiku ule wa kusuguliwa nikamwuliza tena. Ulitumia? Akasema nimwache, goti linauma. Sasa lilikuwa linauma kweli.

Kisha redio ikatangaza. Mpwa wake aliyekuwa akichimba viazi ndiye aliyesikia, na kufikia alasiri kila mtu alikuwa anajua. Watu wa kwetu hawamwachi mtu na jambo lake peke yake, wala sisemi hilo kwa kuwasifu tu. Walianza kuja kutoa pole. Walikuja na sukari, na maandazi, na nyuso za msibani. Walivua viatu, wakakaa, wakanyamaza, mmoja akaguna, "Haya ndiyo mambo ya dunia," wengine wakaitikia. Mzee mmoja aliomba dua ndefu ambayo kwa haki ilikuwa ya maiti. Na maiti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi, anakunywa chai, anakubali kwa kichwa. Nani alikuwa anachemsha hiyo chai? Nani alikuwa anaosha vikombe kwa maji ya baridi ya mwezi wa sita? Nilichoka mpaka nikawachukia watu wema.

Siku ya tatu, mzee huyo wa dua aliniuliza mbele ya wote, kwa upole tu, kama jambo hili lina ukweli. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake imekwisha kuyeyuka. Alikuwa na nafasi ya kusema, na nilimngoja. Alipoendelea kukoroga aibu ilinishika, nikajibu mimi. Nikasema, "Wallahi, mume wangu hajagusa kitu." Wazee wakashusha pumzi. Wakasema mke ndiye shahidi wa mwanamume. Wakanywa kikombe kingine.

Tangu hapo sikuwa tena ninauliza kwa udadisi. Nilikuwa nimemtaja Mungu mbele ya wazee juu ya jambo nisilolijua. Nilimfuata shambani, nilimfuata zizini, nikamwambia nimekuapia, niambie nimeapa juu ya nini. Akaniambia mambo yameshapita. Sasa yamepita vipi, wakati juzi juzi tu ndiyo yamefika?

Mama wa mmoja wa mabinti alikuja Jumatatu. Ni jirani yetu wa mtaa wa chini, mimi ananiita dada, tumechangia mbegu na tumezikiana. Hakuleta sukari. Hakutaka kukaa. Mume wangu alikuwa uani anafunga kamba kwenye mti wa plamsi uliovunjika tawi, akaacha kamba akaja kumsalimu.

"Shemeji, samahani," akasema. "Nataka kumuuliza dada."

"Uliza," nikasema.

"Yale maji mliyokuwa mnawapa watoto Jumamosi. Binti yangu anasema akiyanywa anapata nguvu za kupanda mpaka juu bila kushuka. Nimemwambia haiwezekani, dada ni mtu ninayemjua. Lakini baba yake amesema nije niulize. Mlikuwa mnatia nini?"

Yale maji nilikuwa ninayachanganya mimi. Kila Ijumaa jioni nilikamua ndimu mpaka vidole vikawasha, nikatia asali na chumvi kidogo, nikamimina kwenye chupa za mabinti. Ningesema nini? Ningeapa tena? Kiapo nilikuwa nimekwisha kukitumia, na yeye alikuwepo nikikitumia, alikaa pale kwenye kochi akasikia kila neno.

Alinitazama uso tu, yule mama. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa kwa ajili ya mtoto wake, na alikuwa anaogopa kunikosa mimi.

Mume wangu ndiye aliyejibu.

"Hamna kitu mle, shemeji. Ndimu, asali na chumvi. Huyu hajui lolote." Alikuwa bado ameshika kipande cha kamba. "Dawa nilijichoma mimi. Huko, mwaka wangu wa mwisho. Mwili ulikuwa umekwisha na vijana walikuwa wananipita. Nilijichoma mwenyewe, nikijua. Watoto sijawapa chochote, na mke wangu usimdhanie."

Jirani yangu alikaza kanga yake. Akasema, "Asante kwa kusema, shemeji." Kisha akasema binti atapumzika na baiskeli kwa sasa, asome. Akaniaga mimi kwa mkono, akashuka njia ya migombani bila kugeuka nyuma.

Kwa wiki zote zile nilikuwa nimejiambia kwamba nikilipata jibu, liwe zuri liwe baya, nitapumua. Nimelipata, na nilichotaka ni kumpiga na ndoo. Miye nimeuliza shambani, jikoni, kitandani. Nimeuliza kwa upole, kwa kelele, kwa kulia. Akanipa goti. Mtu mwingine ameuliza mara moja, amesimama uani na viatu vyake miguuni, akapewa kila kitu.

"Na kiapo changu?" nikamwuliza.

"Tutatoa kafara. Tutalisha watu."

"Kafara ya nani? Yangu au yako?"

Alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni, mikono magotini. Akasema kesho baada ya sala atawaambia wazee mwenyewe, atasimama awaambie kwamba mimi niliapa kwa kumwamini. Akasema Jumamosi atawaambia mabinti. Nilimwacha aseme. Sikutaka kumsaidia hata kwa kuitikia.

Mwishowe akainua uso. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku alipomzika baba yake.

"Nilikuwa naogopa utaondoka," akasema. "Ningekuambia siku ile ya kwanza, ungebaki?"

"Ningebaki," nikamwambia. "Hilo ndilo linaloniudhi."