Mama Mkwe Aliyeitwa Kisirani kwa Heshima Zote

Kuna mji mmoja milimani huko Ethiopia ambako mwanamke wa miaka sitini na nne aliitwa Kisirani, na watu walimwinamia kabisa.

"Umeamkaje, Kisirani?"

Naye anaitikia kwa maringo, kidevu juu, shuka lake jeupe begani.

Mwanamke huyo ni mama mkwe wangu. Na jina hilo nilimpa mimi.

Siku alipotangaza mbele ya majirani kwamba mwanangu wa kwanza naye ataitwa Kisirani, jamani, kikombe kilinitoka mkononi chenyewe.

Ngoja niwape mkasa wote. Msinihukumu mapema.

Mimi naitwa Sikudhani, mzaliwa wa Kiomboi, Singida. Mume wangu, Mesele, ni mchimba visima. Alikuja kwetu na mitambo yake, akakaa miaka minne, akachimba maji, akaondoka na mimi. Kiswahili anakimwaga kama kazaliwa Iramba.

Mimi sasa! Nilishuka Dessie kwenye baridi ya Desemba nikiwa na neno moja tu la Kiamhari.

Neno lenyewe ni "ishi". Maana yake, sawa.

Mesele alinifundisha ndani ya basi. "Mke wangu, wewe ukiambiwa lolote sema ishi. Hutagombana na mtu."

Siku za kwanza, ingawa nilijua maana, masikio yangu yalisikia wananiombea. Kila kona ishi, ishi, ishi! Nikasema hawa watu wana upendo, hawataki mtu afe.

Wiki ya pili Mesele akarudi kazini, huko bondeni kwenye joto kali, mtandao wa kubahatisha. Akaniacha na mama yake, Zenebech, ambaye nyumba nzima ilimwita Emaye, yaani mama yangu.

Emaye alikuwa akipika injera, ile mikate yao mipana, laini na michachu, nyumbani na kuuza. Mfupi, mkavu, ana macho ya kunguru aliyeona sabuni.

Basi mwenzenu nikaulizwa kitu na jirani. Ishi. Jioni akaniletea kondoo wake watatu, nikawachunga wiki nzima yeye akiwa harusini.

Nikaulizwa kingine. Ishi. Kumbe nimekubali kufunga Kwaresima yao. Siku hamsini na tano! Nyama hakuna, maziwa hakuna, yai hakuna. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inavuka na maji ya kuoshea vyombo.

Kitu kimoja tu kilinifariji. Emaye alinipa jina la utani.

Kila nikimwaga rojo ya injera kwenye kikaango cha udongo, ikatoka imekunjamana kama shuka la mgonjwa, alitikisa kichwa polepole na kusema, "Denez."

Nikavunja birika. "Denez."

Nikachanganya chumvi na sukari. "Denez."

Nikampigia Mesele. "Mume wangu, denez ni nini? Mama ananiita hivyo kutwa nzima."

Akakohoa.

"Denez? Aa... ni mtu mpole. Mtaratibu. Mama anakupenda huyo."

Weee! Nililibeba lile jina kama zawadi. Dukani wakiniuliza naitwa nani, "Denez!" Kanisani, mbele ya akina mama wote, nikajipiga kifua: "Mimi, denez wa Emaye!"

Watu wanacheka. Wengine wanageukia ukutani mabega yakitikisika. Nami nacheka nao. Nikasema, kweli wachangamfu.

Miezi mitano nimetembea hivyo.

Mpaka siku nilipofika kwa Asnaku, mama mmoja muuza vitunguu sokoni. Akaniuliza jina, nikamtajia. Yeye hakucheka.

Alinitazama kwa huruma. Akainama chini ya meza yake, akatoa kisu kilichokwisha makali, akakikandamiza kwenye kitunguu. Hakikati. Akasukuma, akasugua, kitunguu kinateleza tu.

Akaninyooshea kile kisu. "Denez."

Kisha akagonga kichwa chake kwa kidole, akaninyooshea mimi. Akatikisa kichwa. Hapana, hapana.

Ndugu zangu, nilielewa bila kamusi. Kisu butu. Akili butu. Zuzu!

Nilirudi nyumbani bila vitunguu. Nililia nyuma ya banda la kuni mpaka kamasi zikaisha. Halafu nikajifuta, nikafikiri.

Mesele alikuwa amenidanganya ili nyumba iwe na amani. Vizuri. Basi atadanganya tena.

Jioni Emaye akanimiminia kahawa. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya kwaya:

"Asante sana, Kisirani."

Akasimamisha birika hewani. "Kisirani?"

Nikaweka mkono kifuani kama mtu anayetaja kitu kitakatifu. "Kisirani."

Kesho yake asubuhi nikamsikia anaongea na Mesele kwenye simu. Nikadaka neno langu likipita, Kisirani, halafu akasikiliza, halafu akatoka nje uso unang'aa kama sufuria mpya.

Baada ya dakika tano simu yangu ikaita.

"Sikudhani! Umemwita mama yangu nini?"

"Wewe umemwambia maana yake nini?"

"...Nguzo ya nyumba."

"Safi sana. Na mimi ni mpole, mtaratibu, si ndiyo?"

"Mtandao unakatakata," akasema. Na akakata yeye.

Mambo yakaanzia hapo. Emaye akamwambia jirani wa kulia kwamba mkwewe amempa jina la heshima kwa lugha ya kwao. Jirani wa kulia akampa wa kushoto. Mwezi haujaisha, mtaa mzima ni Kisirani. Muuza maziwa, Kisirani. Watoto wa shule, Kisirani. Mimi nacheka chini ya shuka mpaka mbavu zinauma.

Lakini kuna jambo sikulipigia hesabu.

Emaye aliacha kuniita denez.

Kikombe cha kwanza cha kahawa, ambacho ni cha mkubwa, akaanza kukisogeza kwangu. Akanishika mkono akanifundisha kumwaga rojo kwa kuzungusha, kuanzia nje kwenda ndani. Ya nne ikatoka duara, ina vitundu vyake vyote, wanavyoviita macho. Akaiinua juu akaionyesha jua. Akanifundisha na maneno: moto, moshi, unga, subira.

Kicheko kikaanza kunikwama. Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini kadiri Kiamhari changu kilivyonyooka, ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito. Unaanzaje, jamani?

Halafu akaleta habari ya bango.

"Biashara haina jina," alisema. "Tuandike Kisirani."

Kazi akapewa Gashe Tefera, mzee jirani yetu. Gashe ndiyo heshima yao kwa mwanaume mkubwa. Alikuwa dereva wa malori, sasa mstaafu, anapaka rangi mabango na kunywa kahawa za watu. Akaandika KISIRANI kwa herufi zetu, kubwa, nyekundu. Chini yake akaweka mstari wa herufi zao, zile zinazokaa kama watu wanacheza ngoma. Kuongea nilishajua, kusoma bado.

"Gashe, hapo chini umeandika nini?"

Akanitazama juu ya miwani. "Injera safi, bei poa, binti yangu."

Watu wakawa wanasimama mbele ya lile bango. Wanacheka, wanapiga picha, wananunua. Biashara ikapanda mara mbili. Mimi kila nikipita pale naangalia chini. Nikawa najisemea: maskini, wanashangilia tusi la mama yangu na hawajui.

Katikati ya hayo nikashika mimba.

Nikajifungua mtoto wa kike. Niwaambie kweli, mama yangu mzazi asingenilea vile. Emaye alinipikia uji mzito wa shayiri uliochimbwa shimo la siagi na pilipili katikati, akanilisha kwa kijiko. Alinikanda mgongo. Mtoto akilia, anamwahi kabla yangu.

Kwao mtoto wa kike hubatizwa siku ya themanini. Zimebaki siku kumi, majirani wamejaa sebuleni kwa kahawa, Emaye akasimama.

"Mjukuu wangu atachukua jina langu. Ataitwa Kisirani."

Vigelegele! Ndipo kikombe kiliponitoka.

Nikamkimbilia Mesele kwenye simu. "Fanya kitu! Mwanao anaitwa Kisirani!"

"Mke wangu, mimi niko kisimani."

"Toka kisimani!"

"Sasa nimwambie mama nilimdanganya? Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeanza."

Hapo nilimkumbuka shetani na nikaona afadhali yeye.

Siku tisa nilihangaika. Nikimwangalia mtoto alivyolala, nasikia walimu wa Kiomboi wakiita majina: Kisirani Mesele! Darasa zima chini kwa kicheko.

Asubuhi ya siku ya sabini na tisa nikamfuata Emaye jikoni. Anakoroga unga.

"Emaye, nina neno."

"Sema."

"Kisirani si nguzo ya nyumba."

Mkono wake ukaendelea kukoroga. "Ni nini?"

"Ni... ni mtu wa balaa. Mwenye gubu. Akiamka vibaya, nyumba nzima inaumwa." Machozi yakaanza. "Nilikuwa na hasira kwa ajili ya denez. Nisamehe. Nifukuze ukitaka, lakini mwanangu asiitwe hivyo."

Akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Akajifuta. Akaketi.

Nikangoja moto.

"Siku ya sabini na tisa!" akasema. "Nilidhani utanyamaza mpaka kasisi amwage maji."

"Emaye?"

"Binti, Gashe Tefera ameendesha lori la Nairobi miaka kumi na mbili. Mwanangu aliponiambia nguzo ya nyumba, sauti yake ilikuwa ile ya utotoni akiiba sukari. Nikaenda kwa Tefera siku hiyo hiyo. Alicheka mpaka meno ya bandia yakaangukia kwenye kahawa."

Nilikaa chini.

"Sasa kwa nini ulikubali kuitwa?"

Akaanza kukuna unga uliokauka kwenye gauni lake.

"Siku ile kanisani ulijipiga kifua. Denez wa Emaye. Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nikarudi nyumbani chakula kikanishinda. Mtoto wa watu ametoka mbali, nimempa tusi, amelivaa kama mkufu. Uliponirudishia langu nikasema, ni haki. Nami nivae."

Nililia, jamani. Nililia kama mtoto.

"Machozi bakiza," akasema. "Nenda kwanza kwa Tefera akusomee bango."

Nikatoka mbio. Gashe Tefera yuko pale pale kwenye kigoda chake. Aliponiona tu akavua miwani.

"Siku imefika?"

"Nisomee."

Akasimama, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini, akasoma kama kasisi:

"Na Denez Wake."

Kisirani na Denez Wake!

Mwaka mzima! Mji mzima! Mimi napita pale naona aibu kwa niaba ya mama mkwe, kumbe wapiga picha wananingoja mimi nitokeze!

Nikageuka. Emaye yuko mlangoni, ameshika kiuno.

"Ulifikiri nitavaa peke yangu?"

Tulicheka mpaka tukashikana. Mtoto akaamka akatulilia wote.

Akabaki mtu mmoja. Baba mwenye ndimi mbili.

Tukabuni neno, halipo Kiswahili wala Kiamhari. Emaye akampigia kwanza, sauti nje. "Mesele, mkeo kaniita burukunge. Ni nini hiyo?"

Hakusita hata kidogo. "Burukunge? Ni malaika, mama. Malaika wa wazee."

Dakika kumi, nikapiga mimi. "Mume wangu, mama kaniita burukunge."

"Ah! Hilo ni ua. Linaota milimani. Zuri sana."

Emaye akashindwa, akapasua kicheko pembeni yangu.

"...Mko pamoja?"

"Tuko pamoja, burukunge," mama yake akamjibu.

Alifika kesho yake na kilo tano za sukari na mashuka mawili ya zawadi. Havikumsaidia. Alipikishwa injera ya wageni wote, moshi unampofua, na yake zilitoka mbaya kuliko zangu za mwanzo. Mama yake akawa anaziinua moja moja kuwaonyesha watu.

Baada ya ubatizo Emaye akampakata mjukuu wake. Sebule ikatulia. Mimi roho juu, maana kwa huyu mama huwezi kujua.

"Bizuayehu," akasema.

Sikumgeukia mtu kuuliza maana. Nilielewa mwenyewe, papo hapo: nimeona mengi.

Ndugu zangu mnaohamia nchi za watu kabla ya kuijua lugha yao, nisikilizeni mimi niliyeungua. Usimwachie mtu mmoja, hata awe mumeo, akutafsirie dunia. Nenda sokoni ukaaibike, ujifunze.

Na ukitukanwa kwa lugha usiyoielewa, usiwe na haraka ya kulipiza. Huenda aliyekutukana ameshajuta siku nyingi, ila hajui akuombe msamaha kwa lugha gani.