Jumapili za Mama Yangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimtoa mama yangu Ukambani nikamleta Kitengela. Baba alikuwa amefariki, na sikutaka mama alale peke yake katika ile nyumba ya mlimani. Nilikuwa fundi wa kushona katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River, na nilikuwa nimepanga chumba kilichozungukwa na ploti tupu na ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Nilimnunulia kitanda, redio na saa ya mkononi. Nikaona mambo yamekamilika.

Kanisani sikuwa naenda. Nilikuwa Mkristo na sikuwahi kuacha kuomba, lakini Jumapili ilikuwa siku yangu ya kufua na kulala. Nilisikiliza mahubiri kwenye redio huku nikisugua nguo, nikijiambia kwamba Mungu husikia popote. Jioni tuliomba sisi wawili, tumeketi kitandani. Kule nyumbani sala za mama zilikuwa ndefu mpaka chai inapoa. Hapa zikaanza kufupika. Mwishowe alikuwa akisema tu, "Omba wewe, mimi nitaitikia amina." Na hiyo amina yenyewe ilikuwa inasikika kwa shida.

Aliyetuletea maziwa asubuhi alikuwa mwanamke wa Kimaasai wa rika langu, aliyetembea kutoka bomani kwao na mtungi mgongoni. Mimi nilikuwa nachukua maziwa na kukimbilia kazini. Yeye na mama walibaki mlangoni. Sijui waliongea nini, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza na cha yule mwanamke hakikuwa bora zaidi. Lakini siku moja nikasikia mama akimsalimu kwa lugha yao, kwa sauti, "Takwenya!" na yule mwanamke akijibu, "Iko, yeyo!" Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Niliwatazama wanavyocheka, nikahisi kitu kimenichoma.

Wiki hiyo mama akaniambia yule mwanamke amemwalika kanisani kwao.

"Mwaitu," nikamwambia, maana kwetu ndivyo tunavyomwita mama, "hutaelewa hata neno moja. Wale wanaomba kwa lugha yao."

"Mungu ataelewa," akasema, akatafuta leso yake.

Jumapili hiyo nilimpikia kuku, na mimi sikuwa mtu wa kupika kuku. Alirudi alasiri na vumbi hadi magotini, anaimba chini chini wimbo nisioujua. Nikamwekea sahani.

"Nimeshiba," akasema. "Tumekula huko."

Nilikula peke yangu, na sikusikia utamu wowote.

Kuanzia hapo jioni mama aliomba mwenyewe, tena kwa muda mrefu, kama zamani. Nilipaswa kufurahi. Lakini sala zake zilijaa watu wengine: mguu wa huyu, mimba ya yule, ng'ombe wa mwingine. Mkononi, kando ya saa yangu, alivaa bangili ya shanga nyekundu na nyeupe. Saa ilikufa betri na hakuniambia. Bangili alilala nayo.

Mwishowe nikaenda kuona hao watu ni akina nani. Kanisa lilikuwa la mabati, na upepo wa uwandani uliyapiga kwa kelele. Mama aliketi mbele, kati ya wanawake wenye mashuka, wamebanana bega kwa bega. Nafasi yangu ilikuwa nyuma. Wakati wa maombi, yule mwanamke wa maziwa alisimama, akasema kwa Kiswahili ili mama asikie, "Leo tumwombee yeyo kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza."

Mtoto wa kwanza nilikuwa mimi. Nikainua kichwa, lakini hakuna aliyenitazama.

Nilimngoja yule mwanamke nje. "Mtoto gani wa kwanza?"

Akashangaa. "Si yule kijana aliyekufa akinyonya? Kabla yako wewe?"

Sikuwa nimewahi kuambiwa. Nilipofika nyumbani na mama nikalipuka. "Umewaambia watu baki, na mimi mtoto wako sijui!"

Mama alivua viatu polepole. "Wao waliniuliza nimebeba nini moyoni. Wewe unaniuliza tu kama nimekula." Kisha akanitazama vizuri. "Na si vibaya. Mtoto huuliza hivyo."

Nilitamani anikasirikie. Ingekuwa rahisi zaidi.

Halafu ukaja ukame. Uwanda wote ukawa wa rangi ya majivu, na maziwa yakakoma. Mume wa yule mwanamke aliswaga ng'ombe wachache waliobaki wenye nguvu hadi soko la mifugo la Kajiado, na wengine wakaanguka njiani. Yule mwanamke akaacha kuja kanisani. Mama akasema, "Twende kwake. Siwezi kutembea peke yangu mpaka huko."

Tulimkuta ndani ya nyumba, mchana mweupe, amejikunja. Hakusalimu.

"Yeyo, mimi siombi tena," akasema. "Niko na hasira na Mungu."

"Basi usiombe," mama akamjibu. "Sisi tutaomba. Wewe kaa tu hapa katikati yetu."

Akamlaza kichwa mapajani, akaanza kuomba kwa Kikamba huku akimpapasa nywele fupi. Yule mwanamke hakuelewa neno hata moja, lakini alilia kwa sauti. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama mkono wa mama juu ya kichwa kile. Sikumbuki lini uliwahi kuwa juu ya changu. Wivu ulinipanda mpaka machozi yakanitoka, na pengine mama alifikiri nalilia ng'ombe. Akanionyesha kwa kidevu nikae. Nikakaa, nikashika miguu ya yule mwanamke kwa kuwa ndiyo iliyobaki, nikaomba kwa Kiswahili, maneno ya kubabaika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwombea mtu aliye mbele yangu.

Kazini nilimsihi msimamizi asinipange tena Jumamosi usiku, nisiamke nimechoka. Nikawa naenda na mama kila Jumapili. Mvua iliporudi, yule mwanamke akarudi pia, amekonda, akasimama mlangoni kama mgeni. Mama akasogea kwenye benchi kumpa nafasi kando yake, na kwa kusogea hivyo akanisukuma mimi hadi ukingoni, nusu yangu iko hewani.

Niliona wivu, nao ni uleule. Lakini wimbo ulikuwa umeanza, na wakati huu niliyajua maneno yake, hivyo nikashika ukingo wa benchi nikaimba.