Maharagwe Kumi ya Magdaline

Magdaline Wangechi ndiye husoma matangazo ya hali ya hewa kanisani kwetu, huku karibu na Gakindu. Alichaguliwa kwa sababu ana sauti, na aliwahi kupelekwa mafunzo Nyeri mjini. Shamba lake limepakana na langu, kwa hiyo namwona kila asubuhi. Tangu msimu wa mwezi wa tatu anatembea kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

Msimu ule watabiri walisema kuna uwezekano mkubwa mvua iwe haba. Yeye akatangaza, "Mvua haiji. Pandeni mtama." Aliona hayo ya uwezekano yangewachanganya watu. Mzee Kingori, aliyefiwa na mkewe na anayeishi peke yake chini ya mteremko, akaacha mahindi, akapanda mtama shamba lote. Mvua ikanyesha vizuri. Ndege wakaumaliza mtama, na sisi tuliopuuza tangazo tukavuna mahindi huku tukimcheka mzee. Magdaline alimpelekea gunia la mahindi yake. Mzee alilipokea, lakini tangu hapo humwita Mama Mtama.

Sasa ni Oktoba. Utabiri mpya umekuja, safari hii wa huku Mukurweini peke yake, sio wa Nyeri nzima: uwezekano wa nane kwa kumi wa mvua kubwa kupita kiasi, wanaoishi chini ya miteremko wahame mapema. Juu ya nyumba ya Kingori ardhi imeanza kupasuka. Kila nikienda kukata nyasi nautazama ule ufa, na usingizi wangu umepungua.

Wiki jana Magdaline alinipitia, tukaenda kwa mzee.

"Karibu, Mama Mtama," Kingori alisema. "Leo nipande nini? Mpunga, kama watu wa Mwea?"

Magdaline hakucheka. Alitoa maharagwe kumi, manane meusi na mawili meupe, akayatia kwenye kikombe. "Meusi ni mvua ya kubomoa. Meupe ni mvua ya kawaida. Chukua moja bila kutazama, mzee."

Akachukua. Jeupe.

Kingori alicheka mpaka akakohoa. "Hata maharagwe yako yananitetea!"

Nilitaka kumwambia arudie. Magdaline alinishika mkono.

"Hilo pia limo," alisema, sauti yake ya kanisani haipo. "Mwezi wa tatu meupe yalikuwamo pia, nami nikayaficha, nikakwambia yote ni meusi. Sikudanganyi tena. Unaweza kubaki hapa na usipatwe na neno." Akaweka kikombe mbele yake. "Lakini utalala chini ya haya manane."

Mzee alitazama kikombe, kisha akatazama ule ufa. Hakusema amemsamehe. Alimfungua ng'ombe wake, akamkabidhi Magdaline kamba.

"Huyu hula sana, Mama Mtama. Utamlisha wewe."

Mzee na ng'ombe wakahamia kwa Magdaline siku hiyo. Mvua bado haijaanza. Magdaline huamka mapema kumkatia ng'ombe nyasi, na kabla hajainama hutazama mawingu, kama mtu anayeogopa yote mawili: ije, au isije.