Siku Nilipopuliziana Majivu na Baba Mkwe

Chekeni kwanza mmalize, halafu ndiyo nianze, maana hapa Uyole kila ninapokwenda hadithi hii imeshatangulia, mpaka muuza viazi wangu juzi ananijazia ndoo huku anajiuma midomo, na mimi nikajifanya nakagua viazi kimoja kimoja. Basi ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mama aliyejenga ukuta ili asionane na baba mkwe wake, akaja kuonana naye kwenye ukuta huohuo, pua kwa pua, siku ambayo nyumba imejaa jumuiya nzima na mchungaji juu.

Mjue kwamba mimi ni mtu wa Mafinga. Kwetu baba mkwe akija unapiga goti, unamwambia "kamwene", unampokea begi, maisha yanaendelea. Lakini niliolewa na Ambakisye, Mnyakyusa wa huko juu ya Tukuyu, na kwao mkamwana na baba mkwe hawatazamani. (Siku hizi wengi wameacha, najua, jirani yangu Mama Tumaini anakula meza moja na wa kwake na wanagombania paja la kuku, lakini mzee wetu ni wa zamani.) Yeye akiingia mlango huu, mimi natokea ule. Miaka yote ya ndoa nilikijua kikohozi chake, nikavijua viatu vyake, na sauti yake ningeitambua hata sokoni, ila sura nilikuwa naiona kwenye picha ya harusi tu, na hata pale kofia imemfunika nusu.

Sasa mama mkwe alipofariki, mzee akabaki peke yake kwenye nyumba yake ya mlimani, kifua kinambana, anajipikia mwenyewe, na mume wangu akawa mtu wa kukaa ameshika simu bila kumpigia mtu. Tulimleta kwetu, akakaa kidogo akaondoka. Tukamleta tena, akaondoka tena. Sababu niliisikia mwenyewe nikiwa nyuma ya mlango wa jiko, anamwambia mwanawe, "Siwezi kukaa hapa, Amba. Mimi nimejaa kwenye kochi, mwenye nyumba anaganda jikoni, anakula amesimama. Huko ni kumtesa mtoto wa watu."

Jamani, nililia. Nilikuwa nampenda yule mzee ambaye sijawahi kumtazama. Kila mtu akitoka kwake lazima aje na mkungu wa ndizi, na salamu ni hizohizo, "Za huyo mama." Nilitaka abaki, nilitaka kwa moyo wote.

Ndipo nikaona video kwenye simu. Fayaplesi, lile jiko la ukutani la kuota moto, lakini hili limetobolewa pande zote mbili, moto uko katikati na watu wanaota huku na huku. Nikaruka kwenye kiti. Si ndiyo hiyo! Tunajenga ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, tunaacha mlango pembeni, mzee anaota upande wa sebule, mimi naota upande wangu karibu na jiko, hakuna anayeganda, hakuna anayemwona mwenzake. Fundi akauliza kama aweke matofali katikati ya tundu au aache wazi (kwake vyote sawa, alishaanza kupiga picha za kuonyesha wateja). Nikamwambia aache wazi, moto mmoja upashe pande mbili, na nikaongeza kwa sauti ya mtu aliyesoma ramani za dunia nzima, "Nani ataona kupitia moto? Moto wenyewe ndio pazia." Hapo ndipo nilipojiroga, maana pazia la moto lina shida moja, kwamba moto usipowaka hakuna pazia, lipo tundu tu.

Ila ukuta ulipendeza, hilo hata adui yangu aseme. Kaka yangu aliniletea mbao za paini kutoka Mafinga, nikazipaka vanishi mwenyewe, chini mawe ya mtoni, dohani ya kutolea moshi imepanda mpaka darini, na upande wangu rafu nene ambayo juu yake niliweka picha ya harusi na birika la maua. Saruji ya rafu ilikuwa haijakauka sawasawa. Nilijua. Lakini wageni wanakuja kesho, mtu anaachaje rafu tupu?

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mzee alishafika, yuko sebuleni, na tulikuwa tumeomba sala ya jumuiya ifanyike kwetu ili mchungaji abariki nyumba. Mimi niko upande wangu kwenye kigoda, nimepangilia vikombe juu ya rafu, nasikiliza watu wanavyousifia ukuta. "Kazi imetulia!" "Hii hata hotelini hakuna!" Nikawa navimba tu. Halafu mchungaji akasema, "Washeni basi, tuone."

Mume wangu ni mtu mwema, lakini alipoanza kupikia gesi alisahau moto wa kuni ni kitu gani. Akapanga kuni mpaka juu, akatia maranda, akawasha kiberiti. Maranda yakaungua yote yakawa majivu, kuni za paini zilikuwa mbichi, zikatoa moshi na machozi. Kila mtu sebuleni akageuka fundi. "Weka karatasi!" "Geuza kile kinene!" "Fungua dirisha!" Nikasikia wengine wameanza kucheka chinichini, na moyo wangu ukawa unakauka, maana mzee yuko palepale anaona kwamba ukuta uliojengwa kwa ajili yake ni kabati la moshi.

Nikasema moyoni, ngoja niwasaidie huku huku, nani atajua? Nikachuchumaa, nikachungulia tundu. Giza, moshi, kuni. Nikavuta pumzi nikapuliza.

Majivu yakanirudia usoni, fuu!

Nikadhani dohani inavuta vibaya. Nikafuta macho, nikapuliza kwa nguvu zaidi. Yakarudi mengi zaidi, yakaingia mpaka mdomoni. Sasa nikapata hasira (mimi nikishaamua kitu siachi, ndiyo tabia yangu na ndiyo iliyonifikisha hapa), nikapanua mashavu nikapuliza kama najaza tairi la lori la mbao, na upande wa pili nikasikia mtu anakohoa. Sikufikiria chochote, si walikuwa wote wanakohoa! Kumbe mzee alishamsukuma mwanawe pembeni, "Toka hapo, unauchezea moto," akapiga magoti mwenyewe, na kila nilipopuliza mimi alikuwa anajibu yeye.

Moto ukashika. Ukashika kwa mara moja, moshi wote ukapanda juu, na katikati ya kuni, kwenye mwanga mzuri kabisa, nikaona uso. Nyusi nyeupe kwa majivu, mashavu yamevimba, mdomo umekuwa mduara. Tukatazamana. Yeye akasema, "Gwe!" yaani "Wewe!" kwa Kinyakyusa. Na mimi, badala ya kuinamisha kichwa na kutambaa zangu jikoni, unajua nilisema nini? Nilisema, "Kamwene, baba."

Kisha nikashtukia nilichofanya, nikainuka ghafla, kichwa kikagonga rafu, rafu ikaachia, picha ya harusi na birika na vikombe vyote vya chai vikaja chini kwa mlio ambao nasikia ulifika mpaka barabarani. Nikavuta kitenge nikajifunika kichwa kizima ili nisionekane, nikaanza kukimbilia jikoni nikiwa sioni kitu. Nikapapasa. Nikashika kitu kikubwa nikadhani ni friji, nikakizunguka kwa adabu nikaendelea mbele, na bado mlango wa jiko siupati. Hapo nikasikia sauti ya mume wangu karibu sana na sikio.

"Mke wangu, unakwenda wapi huko?"

Nikafunua kitenge. Niko katikati ya sebule. Ile friji alikuwa mchungaji, amesimama na alama ya mkono wa majivu kifuani. Watu wote wamenitumbulia macho, mimi nimepakaa majivu usoni kama mganga, na baba mkwe wangu, mzee wa watu, amegeukia dirisha na kofia ameiteremsha mpaka kidevuni, amejificha kwa sababu yangu kwenye nyumba yangu.

Hakuna aliyecheka. Mama Tumaini, Mungu ambariki, akaanzisha pambio kwa sauti kubwa, watu wakadaka, wakapiga makofi na macho yao wakayapeleka darini, na mimi nikarudi kinyumenyume mpaka jikoni kwa mwendo wa lile pambio.

Nilikaa chini karibu na gunia la mkaa nikalia. Watu walipoaga, Ambakisye akaingia, akasema taratibu, "Baba anataka begi lake."

Nikajua basi. Nimemfukuza. Mtu nimemjengea ukuta mzima ili akae, na nimemwondoa kwa pumzi zangu mwenyewe. Nikamwambia, "Mpe. Mwambie anisamehe." Nikasikia zipu inafunguliwa, halafu kikohozi, halafu kile kikohozi kikageuka kicheko, kicheko cha mzee ambacho hatukuwa tumekisikia tangu tumzike mama. Alikuwa anatafuta kofia nyingine, ile ilikuwa imejaa majivu.

"Mwambie mwenye nyumba," akasema kwa sauti ya kunifikia mimi, "nilidhani ni upepo. Nikasema, huu upepo wa Uyole una mapafu! Kesho uchinje kuku, tule, yaishe."

Kuku wa kufuta kosa akachinjwa, tukala, yeye huku na mimi huku. Asubuhi yake nikaamka nikakuta moto umeshawaka na tundu limezibwa nusu kwa kipande cha bati, kile alichoacha fundi uani, kimenyooshwa vizuri. Joto linapita, sura haipiti. Kutoka upande wa pili ikaja sauti, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe haikupitia kwa mtu. "Mwanangu, uko huko? Sura tumeshaonana, inatosha. Sauti haina kosa. Leo unapika nini?"

Nikasogeza kigoda karibu na bati. Halafu nikamwambia ni ndizi.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, na begi lake mpaka leo liko chini ya kitanda.

Rafu nimeifunga upya kwa nondo, picha ya harusi ina ufa ila bado inatutazama. Na nimeapa, sitapuliza moto tena maishani kabla ya kujua nani yuko upande wa pili. Kila asubuhi nachuchumaa na kuni zangu, nagonga bati kwa kidole, nabisha hodi kwenye fayaplesi yangu mwenyewe, na nangoja.

"Karibu, mwanangu," ananijibu. "Leo puliza wewe, mimi nimekaa pembeni."