Redio ya Jeshi Haivai Akala

Jeshini rafiki yangu alikuwa dereva, mimi mtu wa redio. Huko kaskazini tulikaa miaka ndani ya Lendrova moja, yeye akiangalia njia, mimi nyuma yake nimekaa kiubavu, hedifoni masikioni. Tulipostaafu alikwenda kukaa Katelembo, nami nikajenga karibu naye. Ndipo katikati ya miaka ya tisini akanunua Lendrova kuukuu ya jeshi kwa mkulima aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Mke wake alinuna wiki nzima.

Injini aliifufua mwenyewe. Rangi ya kijani tulipaka pamoja, tukibishana kama ilikuwa nyeusi kidogo kuliko ile ya zamani. Redio niliipata mimi, kwa fundi mmoja mjini aliyekuwa akiwekea miguu juu yake. Ilikuwa ya aina ileile yetu, nzito, tukaibeba wawili kama mgonjwa. Nilifuta valvu zake, zile taa ndogo za kioo, moja moja kwa kitambaa cha pamba. Tulipoiunganisha na betri ziliwaka polepole, nyekundu, ikanuka vumbi lililopashwa moto, harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu ujana. Ikavuma. Kisha mtu akaanza kusoma habari.

Rafiki yangu aliweka spana chini. "Koplo," akaniita kwa cheo changu cha zamani, "hebu zima. Nisilie mbele ya wajukuu."

Alikuwa na sababu. Mama yake alikuwa akiishi Katangi, mbali na kwetu, mzee sana, macho yamekwisha. Tulipokuwa mpakani watu walimwambia kwamba mwanawe anapata habari za kambi kupitia chuma, naye hakuamini kamwe. "Chuma kitamjuaje mtoto wa mtu?" alikuwa akiuliza. Mwanawe alimwahidi kwamba siku moja angemletea chuma hicho akisikie mwenyewe. Gari lile lote, na kile kisirani cha mke, vilikuwa kwa ajili ya ahadi hiyo.

Tukaanza kufunga redio. Nyuma ya viti, chini ya rangi, tulikuta matundu ya zamani ya bolti, na trei ya chuma ikakaa juu yake kama iliyorudi nyumbani. Tatizo lilikuwa mipira ya kuzuia mtetemo kati ya redio na trei. Ilikuwa imekauka, ukiigusa inamomonyoka kama mkate wa juzi.

"Twende sokoni kwa fundi wa akala," rafiki yangu akasema. "Atukatie vipande vya tairi."

"Redio ya jeshi haivai akala," nikamjibu.

"Wee, wewe mwenyewe umevaa!"

"Mimi si redio. Nimefunga hizi seti kabla hujajua kubadilisha gia. Bolti zitatosha."

Jioni hiyohiyo habari zikaja kutoka Katangi kwamba mama ameanza kukataa chakula. Kwenda sokoni kungetuchukua asubuhi moja tu. Niliikataa asubuhi hiyo kwa kiburi, si kwa haraka, ingawa kwa miaka niliwaambia watu ilikuwa haraka.

Alfajiri tukaondoka kwenda Katangi, redio imefungwa kwa bolti tupu. Lami ilipoisha, barabara ilikuwa na mistari kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nilikuwa nyuma, hedifoni masikioni, nikifurahi kama kijana. Mahali fulani kikasikika kitu kidogo, tik, kisha hakuna. Sikumwambia dereva. Nilijidanganya kwamba ni waya.

Tuliegesha mbele ya mlango wa mama. Tulimwinua tukamketisha kwenye kiti changu, akaipapasa redio kwa kiganja.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, mwaitu," mwanawe akamwambia. Mwaitu kwa lugha yao ni mama.

Nikamvika hedifoni juu ya leso. Akasubiri, uso umetulia. Nilizungusha kila kinachozunguka.

"Hakisemi."

"Ngoja kidogo, mwaitu. Kinapata joto."

Akangoja tena. Halafu akacheka kicheko kidogo kikavu. "Kumbe huko serikali ilikuwa inawalipa kusikiliza kimya?"

Tulicheka wote. Rafiki yangu alicheka huku ameangalia zizi la mbuzi.

Valvu moja ilikuwa imepasuka kwa mtetemo wa njiani, na kupata nyingine kulichukua miezi. Ilipopatikana, maharagwe yalikuwa yamevunwa na mama alikuwa amezikwa. Nilikwenda sokoni mwenyewe.

"Nikate saizi ya mguu wa nani?" fundi wa akala akauliza.

"Wa redio."

"Mzee, hata redio siku hizi inatembea?"

Alinikatia vipande vinne vya tairi la lori. Tukavifunga, tukaenda Katangi kwa njia ileile, na sauti haikukatika hata mara moja. Natamani ingekatika. Rafiki yangu hajawahi kunilaumu, na sijui kama nimewahi kumsamehe kwa hilo.

Mlango wa mama ulikuwa na kufuli. Kigoda chake kilikuwa bado ukutani, nje. Rafiki yangu alichukua hedifoni, akaongeza sauti mpaka ikasikika hewani, akaenda kuziweka juu ya kigoda. Waya haukufika. Akarudi kwenye usukani, akarudisha gari nyuma taratibu mpaka ukafika.