Sadiya aliomba sheria, abiria wakakaa juani kwa saa sita

Saa mbili asubuhi, Sadiya Kenyi anainama nyuma ya boti yake na kuvuta kamba ya injini. Inakohoa, anavuta tena, inawaka. Anaisikiliza kidogo, kisha anaizima. Hakuna sababu ya kuchoma mafuta. Boti haina mtu.

Hatua kumi kutoka hapo, kwenye mwalo huohuo wa Olewa, ukingo wa magharibi wa Mto Nile, boti ya jirani yake Marino imeshajaa. Wanawake wanapandisha vitenge hadi magotini, wanaingia majini, wanapitisha mabeseni kwa mikono. Mmoja anapopita mbele ya Sadiya anainamisha macho na kumsalimu kwa jina la mtoto wake.

"Mama Latifu, umeamkaje?"

"Tuko salama. Wewe?"

"Salama," anajibu, na anaendelea hadi kwa Marino.

Sadiya anachukua kopo na kukomba maji yaliyoingia usiku. Majaketi yake ya uokoaji, thelathini na moja, yamepangwa vizuri kwenye mbao, mengi hayajavaliwa tangu Februari.

"Zamani mimi napeleka watu ishirini na nane kwa safari moja," anasema. "Sasa nikipata tisa, nasema alhamdulillah. Mafuta ni ileile, kama ni tisa ama ni ishirini na nane."

Sadiya ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Ludara, wilayani Koboko, katika ukoo wa askari: babu yake alivaa sare, baba yake pia. Aliolewa Arua, mtaa wa Oli, na mume wake Abdunoor ndiye aliyekuwa nahodha. Miaka kumi na moja iliyopita Abdunoor aliteleza akipakia mashine ya kusaga unga, ikamwangukia mgongoni. Hajapanda boti tena. Sadiya alishika usukani wiki hiyohiyo, kwa sababu watoto wanne walikuwa shuleni.

Hadi leo ndiye mwanamke pekee anayeendesha boti hapa Olewa. Jumatatu hadi Ijumaa analala mwaloni katika chumba cha kupanga. Jumamosi anarudi Oli kumwogesha mume wake na kufua.

Kwa miaka kumi hakukuwa na mtu aliyekataa kupanda kwake. Mambo yalibadilika Alhamisi moja ya kiangazi, mwezi Februari.

Asubuhi hiyo alikuwa anarudi kutoka ng'ambo na abiria ishirini na sita. Kati yao alikuwemo Concy, mfanyabiashara wa samaki, na mabeseni manne ya perege wabichi waliofunikwa barafu. Alikuwemo pia Shakirah, binti wa miaka kumi na tisa, na mtoto wake mchanga wa siku kumi na tisa. Alijifungulia kwa mama yake, sasa alikuwa anarudi kwa mume wake Pajulu.

Katikati ya mto boti ya doria iliwakuta. Askari wanne, wote wanaume. Sadiya alizima injini kama inavyotakiwa.

Walikagua leseni, wakahesabu majaketi. Wakafunua mabeseni ya Concy na kupima samaki wawili. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha kamanda wao akasema wamepata habari kwamba wanawake wanavusha nyavu zilizopigwa marufuku, zile za macho madogo, wakizizungusha tumboni chini ya nguo.

"Wanawake wote, simameni."

Wakasimama. Askari mmoja akamwona Shakirah, kiuno kimevimba chini ya gauni. Akanyoosha mkono.

"Nilimwambia, afande, ngoja," Sadiya anakumbuka. "Huyu mtoto amezaa juzi. Hiyo ni kitambaa tunafunga tumbo. Mama yoyote anajua."

"Basi afungue tuone," kamanda akamjibu.

"Hapana, afande. Kama ni kusachi mwanamke, lazima ni mwanamke anasachi. Sheria inasema hivyo."

Maneno hayo aliyapata Arua, mwaka mmoja kabla, kwenye mafunzo ya siku moja ya wenye boti. Kijana wa shirika la msaada wa kisheria, Adrabo, alisimama mbele akawaeleza haki zao wanaposimamishwa majini. Kwamba unasimama, hukimbii. Kwamba unaweza kuuliza jina la anayekusimamisha na sababu. Kwamba kitu kikichukuliwa unaomba karatasi. Na kwamba mwanamke hapekuliwi na mwanamume; atafutiwe polisi wa kike. Sadiya hasomi sana. Hayo aliyaweka kichwani na kuyarudia njia nzima hadi nyumbani.

Anasema alitegemea kelele. Alijiandaa hata kwa kofi. Lakini kamanda hakupandisha sauti. Alitabasamu.

"Mama anataka sheria," akawaambia wenzake. "Vizuri sana. Polisi mwanamke yuko Arua. Tutamwita, tumngojee."

Wakaivuta boti hadi kwenye ukingo wa mafunjo, mahali ambapo hapana hata mti mmoja, wakaifunga kwenye boti yao. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Boti yao ilikuwa na paa la turubai. Ya Sadiya haina.

Saa nne ikapita. Saa tano abiria wakaanza kunung'unika. Mwanamume mmoja alikuwa anawahi soko la Adumi na mbuzi wawili. Mzee mmoja alikuwa na miadi hospitalini. Maji ya kunywa yakaisha. Barafu ya Concy ikaanza kutiririka chini ya miguu ya watu, maji yenye magamba.

"Mama Latifu," Concy akamwambia, "huyu msichana hatakufa akishikwa kiuno. Samaki yangu inakufa mara ya pili."

Saa sita jua lilipokuwa juu ya vichwa, ombi likawa moja kwa boti nzima: mwambie afande sawa, wapekue, tuondoke. Hata wanawake walisema hivyo. Mmoja alianza kufungua kitenge chake mwenyewe ili waanze naye. Sadiya akamshika mkono.

Nilimuuliza kama hakufikiria kukubali. Alichokoa uchafu kwenye ukucha.

"Saa saba nilifikiri," akasema. "Mdomo yangu ilikuwa imefunguka tayari. Halafu nikaangalia yule afande, anakula karanga, ananiangalia. Alikuwa anangojea hiyo tu. Si nyavu. Alikuwa anangojea mimi niseme, samahani afande, njoo mushike."

Baba yake, anasema, aliwafundisha kuamini sare. "Alisema mutu ya jeshi ukimwambia sheria, anasimama wima, kwa sababu yeye mwenyewe ni sheria. Mimi niliamini hiyo mpaka nina miaka arobaini na sita."

Polisi mwanamke alifika saa tisa, kwa pikipiki hadi ukingoni na kisha kwa mtumbwi. Alikuwa mpole. Aliomba watu washike shuka kama pazia, akawapekua wanawake kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Kazi yote haikuchukua robo saa. Kiunoni kwa Shakirah alikuta kitambaa, na chini ya kitambaa akakuta tumbo la mama aliyejifungua.

Kamanda akamrudishia Sadiya leseni yake kwa mikono miwili. "Safari njema, mama."

Walipofika Olewa, Concy aliyamwaga mabeseni yote manne mtoni, kisha akaketi kwenye mchanga na kufunika uso kwa kitenge. Mtoto wa Shakirah alikuwa anawaka homa. Walilazwa kituo cha afya siku mbili, na mtoto akapona.

Sadiya alikwenda kuwaona siku ya pili, na sukari na sabuni. Anayakumbuka maneno ya Shakirah kuliko kitu kingine chochote cha juma hilo.

"Aliniambia, mama, asante, lakini ungeniacha tu. Mimi ningefunga macho, dakika moja imeisha." Sadiya anajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilikuwa nafikiri nampigania. Kumbe nilimchoma yeye na mtoto wake na jua."

Shakirah hajapanda boti tena. Anapokwenda kwa mama yake hupita barabarani hadi darajani, safari ya siku nzima.

Habari ilienea mwaloni haraka kuliko moto wa nyasi. Ukipanda kwa Mama Latifu, utafika jioni. Abiria wakahamia kwa Marino, ambaye hafichi anavyofanya.

"Mimi wakisema simama, nasimama. Wakisema fungua, watu wanafungua. Nasema ndiyo afande, tunaenda," anasema Marino. "Sadiya ana haki. Nani amesema hana? Lakini abiria hapandi haki, anapanda boti."

Nilimtafuta ofisa mmoja wa kikosi hicho cha doria. Alikubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe.

"Siku ile kuna aliyepigwa? Kuna aliyetukanwa? Kuna aliyeombwa hata shilingi?" aliniuliza. "Aliomba sheria, akapewa sheria yote. Sasa analalamika nini?"

Sadiya alilalamika kwa maandishi. Binti yake Zuhurah aliandika barua, yeye akaipeleka mwenyewe ofisini Arua. Ilipigwa mhuri wa kupokelewa. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa kwamba, kwa jinsi barua inavyoeleza, hakuna kosa lililofanyika.

Mwezi Aprili alikwenda kwa Adrabo, yule kijana wa mafunzo, kumuuliza alikosea wapi. Adrabo alitoa kitabu cha sheria, akatafuta kifungu, akakisoma kimyakimya. Sadiya anasema alimwona rangi ikimbadilika.

"Nikamuuliza, mwanangu, kuna nini?"

Kifungu kilisema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwingine, kwa kuzingatia staha. Basi. Hakikusema lazima awe polisi. Kwenye boti ile walikuwemo wanawake kumi na mmoja, mbali na Sadiya mwenyewe. Yeyote kati yao angeweza kuombwa ampekue Shakirah na wenzake nyuma ya kitenge, askari wakiwa wamegeuza migongo, na boti ingeondoka saa tatu na nusu.

Adrabo hakukana kosa lake nilipomkuta ofisini kwake Arua. "Kwenye mafunzo nilisema mtafutiwe polisi wa kike. Nilifupisha. Tulikuwa na saa moja, mada tisa, na chakula cha mchana kilikuwa kinangoja," alisema. "Siku hizi nikisimama mbele ya watu nasoma kifungu neno kwa neno, hata wakisinzia."

Je, kamanda wa doria alijua? Sadiya anaamini alijua. Adrabo hana hakika. Ofisa niliyezungumza naye alipoulizwa hilo alitazama saa yake na kusema ana kikao.

Siku ile aliporudi kutoka kwa Adrabo, Sadiya hakwenda mwaloni. Alikaa Oli siku nne, na Abdunoor akawa ndiye anayembembeleza ale. "Nilimwambia boti tuuze," anasema. "Akaniambia, uza, lakini usiuze kwa sababu umeona aibu. Wenye aibu ni wengine."

Hakuuza. Badala yake aliwaza jambo dogo. Kama sheria inasema mwanamke mwingine, basi mwalo uwe na wanawake wake. Wawili tu, wanaojulikana, majina yao yaandikwe kwa mwenyekiti wa mwalo na kwenye kituo cha doria. Boti ikisimamishwa karibu, mmoja afuatwe kwa mtumbwi, au boti ije hadi kwake. Adrabo aliiandika hoja hiyo kwa ukurasa mmoja. Kamanda mpya, maana yule wa Februari amehamishwa, aliisoma akasema hana pingamizi. Leteni majina.

Majina ndiyo yaliyokosekana. Yeye mwenyewe hawezi, kwa kuwa ni nahodha na boti yake ni miongoni mwa zinazopekuliwa. Muuza chai alikataa; anawauzia askari chai. Mke wa mwenyekiti alisema mume wake hataki. Wengine walimsikiliza hadi mwisho, wakasema watafikiria, na tangu hapo wanapita mbali na chumba chake. Alipata mmoja tu, Shamirah, mkunga wa jadi aliyestaafu. "Nimeshika matumbo ya nusu ya watu hapa," alisema Shamirah. "Nani ataniogopesha?"

Bado mmoja.

Jua linapanda. Boti ya Marino imeondoka, wimbi lake linaitikisa ya Sadiya. Abiria wake wa leo ni sita. Anawagawia majaketi, anamfungia mzee mmoja mikanda kifuani.

Ndipo Concy anapotokea, beseni kichwani. Tangu Februari wawili hawa wamekuwa wakisalimiana kwa kichwa tu. Concy alikopa ili kurudi kwenye biashara, na siku zote anapanda kwa Marino. Leo amechelewa boti hiyo. Anasimama ukingoni, anaangalia mto, anamwangalia Sadiya.

"Ile karatasi yako ya majina iko wapi?"

"Iko kwa chumba."

"Wiki jana askari walinifungua mimi kitenge," Concy anasema. Anaongea taratibu, kama mtu anayehesabu. "Kwa boti ya Marino. Mbele ya watu. Marino akasema ndiyo afande, na tukaenda. Tulifika mapema sana."

Sadiya anaacha mikanda ya mzee. Anataka kusema neno, Concy anamzuia kwa mkono.

"Andika jina langu. Lakini usinishukuru, Mama Latifu. Samaki yangu sijakusamehe."

Anaingiza beseni ndani ya boti, anachagua jaketi, anaketi mbele kabisa, mgongo umemgeukia nahodha. Sadiya anavuta kamba ya injini. Kesho, anasema akipandisha sauti juu ya mngurumo, atapeleka majina mawili kituoni, na hataondoka pale mpaka yaandikwe mbele ya macho yake.