Kamba ya Fedha

Mnisamehe mwandiko huu mbaya na makosa ya herufi. Niliachia darasa la sita, na kila mstari unanichukua muda. Lakini kusema mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa, sauti hunikauka. Kwa hiyo naandika.

Mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa akifua mapambo ya fedha hapa Baraka pamoja na mume wake: pete, hereni, vitu vya kawaida. Mume alipofariki, ukoo wake ulisema kwamba siku ya kumaliza kilio kaka wa marehemu atamchukua awe mke wake. Akikubali, atabaki na mtoto wake na nyumba. Akikataa, ataondoka peke yake.

Yeye akarudi kwenye moto wa kufulia.

Siku moja nilipita kwake nikitoka shamba, mzigo wa mihogo mgongoni, kamba yake ikiwa imekaza kwenye paji la uso, kama tunavyobeba wanawake wa huku. Nilipotua, alinigusa juu ya nyusi.

"Eh, mama! We ungali mutoto, na kamba imeshakuchimba hivi?"

Nilicheka kwa haya. Akalainisha nta ya nyuki katika maji ya moto, akanikandika nayo kwenye paji la uso. "Usikunje sura," akasema. Alama ilitoka yote, pamoja na bonde lake. Ile nta akaizungushia udongo, akaichoma mpaka nta ikatoka, akamimina ndani fedha iliyoyeyushwa. Zilikuwa sarafu za zamani, alizopewa na mama yake mzazi alipoolewa.

Kilichotoka kilikuwa kamba ya fedha, pana, nzito, imebonyea kama paji langu. Hakikumpendezesha mtu. Ukikitazama, unahisi shingo inauma.

Siku ya kumaliza kilio alikivaa kwenye paji la uso, akakaa mbele ya wazee wa ukoo. Shemeji yake alikuwa wa kwanza kucheka.

"Leo mihogo inabebwa na kamba ya feza! Utabeba nini, we mwanamuke?"

"Ile nilikuwa nabeba siku zote, shemeji. Leo muione."

Wanawake waliokuwa nyuma waliguna. Mmoja alijigusa paji la uso, akashusha mkono haraka.

"Unakubali ao unakataa?" mzee akauliza.

"Nakataa."

"Basi vua. Hiyo kitu imetoka mu moto ya mutoto wetu marehemu. Iko ya ukoo."

"Feza ilikuwa ya mama yangu."

"Lakini moto ulikuwa wa bwana yako."

Mama mudogo akauliza polepole, "Na mutoto?"

"Mutoto zaidi."

Alivua mwenyewe. Mtoto alimng'ang'ania kitenge, wakamvuta vidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa pale, na sauti haikutoka.

Sasa yuko Mboko, analima mashamba ya watu, anabeba mihogo yao kwa kamba ya kawaida. Shemeji alipeleka ile fedha kwa fundi mwingine, ikawa pete nene. Nikikutana naye njia ya Lweba ananisalimia vizuri, na mimi natazama kidole chake. Paji langu liko mle.

Ninyi mnaosoma, jiguseni juu ya nyusi. Kama mna bonde, mniandikie mlilipataje, na kama kuna mtu aliyewahi kuliona. Hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, nitasoma polepole mpaka mwisho.